Je, Ipo Hulka ya Mraibu? Pombe na Kamari Vinapomkuta Mtu Mmoja

Swali: Daktari, mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 31. Anakunywa pombe kupita kiasi, mara nyingine anavuta bangi, na kwa miaka kadhaa amekuwa akicheza kamari kwenye simu, hadi ameanza kuuza vitu vya nyumbani. Mnasihi mmoja alituambia kwamba mdogo wangu "ana hulka ya mraibu", na tangu siku hiyo mama anaamini kwamba mtoto wake alizaliwa hivyo na hatabadilika. Je, ni kweli ipo hulka ya namna hiyo? Na kama ipo, tuanze kutibu pombe, kamari, au hulka yenyewe?

Jibu: Dada, poleni sana, na umfikishie mama salamu zangu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu hili ningependa alisikie yeye. Kwa ufupi, hakuna hulka moja ambayo aliye nayo ni lazima aangukie katika ulevi na kamari, na asiye nayo amesalimika. Zipo hata hivyo sifa chache za hulka zinazojitokeza mara nyingi zaidi, na kwa nguvu zaidi, kwa watu wenye matatizo yote mawili kwa pamoja. Iliyo nzito kuliko zote ni tofauti na ile wanayoidhania wengi. Wengi hudhani ni kupenda raha, lakini tafiti za miaka 20 iliyopita zinaelekeza zaidi kwenye jinsi mtu anavyotenda pale anapokuwa ameumia.

Kabla ya kufika huko, mfahamu kwamba mdogo wako si kioja. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanyika Marekani, uliowahoji watu zaidi ya 43,000 na ambao matokeo yake kuhusu kamari yalichapishwa na Nancy Petry na wenzake mwaka 2005, ulikuta kwamba kati ya watu waliowahi kufikia kiwango cha ugonjwa wa kamari, takriban asilimia 73 waliwahi pia kuwa na tatizo la pombe la kiwango cha ugonjwa, asilimia 38 tatizo la dawa nyingine za kulevya, na asilimia 60 uraibu wa tumbaku. Hata ukianzia upande wa pili hali haiachani sana na hiyo: katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1986, Henry Lesieur na wenzake waliwapima wagonjwa 458 waliolazwa kwa sababu ya pombe au dawa za kulevya, wakakuta asilimia 9 wana ugonjwa wa kamari na asilimia 10 wengine wana dalili zake. Ushahidi wa aina hii ulichangia kukifanya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, mwaka 2013, kuitoa kamari katika kundi la matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo, lilimokuwa tangu 1980, na kuihamishia katika kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, nao unaitambua kamari iliyopita kiasi kuwa ni uraibu.

Sasa tuje kwenye hulka. Sifa inayotajwa kila mara ni papara, lakini papara ina sura nyingi, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu wamshauri mgonjwa vibaya. Mwaka 2001 Stephen Whiteside na Donald Lynam walizitenganisha sura nne: kutenda bila kutafakari matokeo, kushindwa kuendelea na jambo lenye kuchosha hadi mwisho, kiu ya msisimko, na papara inayozuka pale tu mtu anapokuwa na machungu makali, kama vile hasira, aibu, upweke au hofu. Watafiti wengine baadaye waliongeza ya tano, ambayo ni papara ya wakati wa furaha iliyopitiliza. Vance MacLaren na wenzake walipokusanya na kuchambua kwa pamoja tafiti nyingi kuhusu hulka za wenye ugonjwa wa kamari, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, waliona kwamba sifa iliyowatenganisha watu hao na wengine kwa nafasi kubwa zaidi ni papara ya wakati wa machungu, ikifuatwa na kutenda bila kutafakari. Papara hiyo hiyo ya machungu hujitokeza tena na tena katika tafiti za watu wenye matatizo ya pombe na dawa za kulevya.

Naomba mtafakari maana yake kwa mtu mliyenaye nyumbani. Mwenye papara ya machungu anaweza kuwa mtulivu, mpole na mwenye mipango mizuri siku nyingi za wiki, tena akawa anaahidi kuacha na ahadi yake ikawa ya kweli kabisa wakati anaitoa. Kisha linatokea jambo la kumtia aibu au hasira, pengine ugomvi, deni linalodaiwa mbele za watu, au maneno ya kukatisha tamaa kazini, na kwa muda mfupi lengo lake lote linakuwa moja tu, yaani kuyaondoa maumivu hayo sasa hivi kwa njia yoyote iliyo karibu. Pombe inayaondoa kwa saa chache. Kamari nayo inayaondoa kwa njia yake, kwa kuwa mtu anapousubiri mchezo uamue, akili yake yote imo humo na hakuna nafasi ya kitu kingine. Familia huona unafiki, na husema kwamba jana aliapa na leo amerudi kule kule. Mimi ninaona mtu yule yule akiwa katika hali mbili tofauti za hisia, na kiapo alichokitoa akiwa katika hali moja hakimfikii akiwa katika nyingine. Wahenga walipotuachia usemi kwamba hasira ni hasara, hawakuwa mbali na saikolojia hii.

Matatizo mawili yanapokaa kwa mtu mmoja, sifa hii hupata mafuta kutoka pande zote. Pombe hupunguza uwezo wa kujizuia na kupima hatari, hivyo mtu aliyekunywa huongeza dau na huendelea kucheza ilhali angekuwa timamu angekwisha kuondoka. Fedha ikiliwa, machungu yanayofuata ni makubwa kuliko yale aliyoyakimbia mwanzo, na machungu hayo humrudisha kwenye pombe, au humsukuma acheze tena ili kuirudisha fedha iliyoliwa. Kila mzunguko unaanzisha mwingine. Ndiyo maana hali ya mtu mwenye vyote viwili kwa kawaida ni nzito kuliko ya mwenye kimoja, kwa madeni, kwa sonona na kwa hatari ya kujidhuru.

Sifa ya pili ni namna mtu anavyoithamini kesho. Kila binadamu huipunguzia thamani faida inayochelewa, na ukimuuliza mtu yeyote kama anataka kiasi kidogo leo au kikubwa baada ya miezi sita, kipo kiwango atakachochagua leo. Tofauti ipo katika kasi ya upunguzaji huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Petry alilinganisha wacheza kamari wa kiwango cha ugonjwa waliowahi kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya, wacheza kamari wasio na historia hiyo, na watu wasio na tatizo lolote. Wacheza kamari wote waliipunguzia kesho thamani kwa kasi kuliko watu wa kawaida, na wale wenye matatizo yote mawili waliwazidi hata wacheza kamari wenzao. Kwa mtu wa namna hii, hoja kwamba akiendelea hivi baada ya miaka kumi atakuwa hana kitu ni sahihi, lakini haina uzito wa kutosha wa kumzuia jioni ya leo. Hilo ninawaambia ili msichoke bure kwa mawaidha ya aina hiyo.

Zipo sifa nyingine, ambazo nitazipitia kwa haraka. Wengi wa watu hawa wana mwelekeo wa kuzihisi hisia mbaya kwa urahisi na kwa muda mrefu: wasiwasi, kinyongo, kujiona wameonewa. Wengine wana ugumu wa kuelewana na watu na wa kufuata taratibu. Katika tafiti zinazotumia mfumo wa hulka wa Robert Cloninger, hujitokeza pia kiwango cha chini cha kujielekeza, yaani uwezo wa kujiwekea lengo na kujiona kuwa mwenye dhamana ya maisha yako mwenyewe. Kiu ya msisimko ipo kwa baadhi, hasa vijana, lakini inasaidia zaidi kueleza kwa nini mtu alijaribu mara ya kwanza kuliko kwa nini ameshindwa kuacha. Ni vyema pia kutofautisha sifa za hulka na matatizo ya hulka yanayofikia kiwango cha ugonjwa. Katika ule utafiti wa 2005, takriban asilimia 61 ya wenye ugonjwa wa kamari walikuwa na angalau tatizo moja la hulka la kiwango hicho, na hilo linahitaji uchunguzi wa daktari wa akili au mwanasaikolojia, halithibitishwi kwa kumtazama mtu katika kikao kimoja.

Mama anauliza kama mtoto alizaliwa hivyo, na swali lake ni la haki. Ushahidi bora tulio nao unatoka katika mji wa Dunedin, New Zealand, ambako watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamekuwa wakifuatiliwa maisha yao yote. Wendy Slutske na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba vijana waliopimwa wakiwa na miaka 18 na kuonekana kuwa na hisia mbaya nyingi na kujizuia kudogo, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo la kamari walipofika miaka 21, na kwamba picha hiyo ya hulka ilifanana sana na ya wale waliopata matatizo ya pombe, bangi na tumbaku. Mwaka 2012 walirudi nyuma zaidi wakaonyesha kwamba watoto ambao katika umri wa miaka 3 walionekana kuwa wasiotulia, wenye msukumo na hisia zinazobadilika upesi, walipata tatizo la kamari utu uzimani, hadi umri wa miaka 32, kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Utafiti wa mapacha wanaume wa Marekani nao umeonyesha kwamba sehemu ya urithi unaochangia ugonjwa wa kamari ni ile ile inayochangia uraibu wa pombe.

Kwa hiyo sehemu fulani ya mwelekeo hutangulia ugonjwa. Lakini mama asome matokeo hayo kwa uangalifu, maana yanazungumzia uwezekano katika kundi zima na hayamtabirii mtoto mmoja mmoja. Watoto wengi wenye vurugu wakiwa na miaka 3 hukua wakawa watu wazima wasio na uraibu wowote, na wapo watu wazima wenye uraibu ambao utotoni walikuwa watulivu kupindukia. Kuna pia upande wa pili wa ushahidi ninaoupenda kwa sababu unavunja kiburi cha nadharia. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa mfumo wa neva unaoleta kutetemeka na kukakamaa, walipopewa dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na mwendo wa mwili na hamu, kama vile pramipeksoli, walianza kucheza kamari kupita kiasi ilhali hawakuwahi kuwa na tabia hiyo maishani, na kwa wengi wao hamu hiyo ilipungua au kutoweka dawa ilipopunguzwa au kusimamishwa. Mtu mpole mwenye nidhamu ya miaka 60 anaweza kusukumwa na kemikali hadi akafanana na yule tuliyemwita mwenye hulka ya mraibu.

Je, basi papara hiyo inaletwa na pombe yenyewe kuuharibu ubongo? Hapa kamari inatufaa kama kipimo, kwa kuwa mcheza kamari hamezi wala havuti sumu yoyote. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha wacheza kamari na watu wenye uraibu wa pombe, ukakuta kwamba makundi yote mawili yalifanya maamuzi kwa papara, ila wenye uraibu wa pombe walikuwa na nyongeza ya udhaifu wa kumbukumbu ya muda mfupi. Tafsiri yangu ni kwamba papara kwa sehemu ilikuwapo kabla, na pombe ikaja kuongeza madhara yake juu. Kwa mwenye vyote viwili, unachokiona leo ni mchanganyiko wa hulka ya awali na athari za kilevi, na hakuna awezaye kuzitenganisha wakati mtu bado analewa au yumo katika arosto. Dodoso la hulka likijazwa siku ya tano baada ya kuacha pombe hupima zaidi arosto kuliko mtu. Mimi husubiri wiki kadhaa za utulivu kabla ya kumwambia yeyote hulka yake ikoje, na kama mdogo wako alipewa jina hilo katika wiki yake ya kwanza ya matibabu, lichukueni kuwa ni dhana ya muda.

Alex Blaszczynski na Lia Nower walipendekeza mwaka 2002 kwamba watu hufika kwenye ugonjwa wa kamari kwa njia tatu. Wa kwanza hawana kasoro ya hulka iliyotangulia, wamenaswa na mazoea, ushindi wa mwanzoni na imani potofu kuhusu bahati, na huzuni waliyo nayo imeletwa na hasara. Wa pili walikuwa na sonona, wasiwasi au majeraha ya maisha kabla ya kamari, na hucheza ili kuyasahau. Wa tatu wana papara katika kila eneo la maisha tangu utotoni, pamoja na uvunjaji wa taratibu, na mara nyingi ndio wanaotumia vilevi vya aina nyingi. Mtu anaweza kuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule, lakini mgawanyo huu una faida kwenu, kwa sababu unaleta maswali yenye majibu. Kabla hajaanza kubeti alikuwa mtu wa namna gani? Shuleni alikuwa akimaliza kazi alizoanza? Kulikuwa na msiba, kipigo au aibu kubwa kabla ya pombe kuanza? Kipi kilitangulia, na kwa muda gani? Mama ndiye mwenye majibu mengi ya maswali haya, na mnasihi angemtumia vizuri zaidi kwa kumsikiliza kuliko kwa kumpa jina la kubeba.

Daktari aangalie pia mambo mawili yanayofanana na hulka ilhali ni magonjwa yanayotibika kwa njia yake. Moja ni tatizo la umakini na utukutu lililoanza utotoni, ambalo hukutwa mara nyingi kwa watu hawa. La pili ni ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka: mtu akiwa anacheza kamari katika vipindi vya kupanda tu, vyenye usingizi kidogo na kujiona mkuu, kinachotibiwa kwanza ni ugonjwa huo.

Kuhusu kubadilika, ushahidi unatia moyo. Andrew Littlefield na wenzake waliwafuatilia Wamarekani kuanzia miaka 18 hadi 35, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 waliona kwamba wale ambao papara na hisia zao mbaya zilipungua zaidi ndio pia ambao matatizo yao ya pombe yalipungua zaidi. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walichambua tafiti 207 za matibabu ya kisaikolojia na mengineyo, wakakuta kwamba sifa za hulka husogea ndani ya miezi michache ya matibabu, na inayosogea zaidi ni ile ya kuzidiwa na hisia mbaya. Mabadiliko hayo hayamfanyi mtu kuwa mwingine, lakini kwa sifa ambayo ndiyo kiini cha tatizo, hata kusogea kiasi kuna faida.

Swali lako la mwisho lilikuwa tuanze na nini. Ikiwa anakunywa kila siku, pombe itangulie kwa sababu ya usalama, maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Kuacha huko kusimamiwe na daktari, na msimfungie ndani ili aache. Baada ya siku hizo za hatari, vyote vitibiwe kwa pamoja na, ikiwezekana, na watu wale wale. Ninapinga mpango wa kumaliza pombe kwanza na kuiacha kamari kwa ajili ya baadaye, kwa sababu machungu ya kuacha kimoja hutafuta njia kupitia kingine. Tiba ya kuzungumza inayolenga fikra na tabia ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, na kwa mtu wa papara ya machungu sehemu yake kubwa iwe mazoezi ya kutambua hisia mapema, kuzistahimili bila kutenda, na kuwa na mpango ulioandikwa wa nani ampigie na aende wapi hisia hizo zikifika. Dawa ya naltreksoni, ambayo hutumika kwa uraibu wa pombe, imepunguza pia hamu ya kamari kwa baadhi ya wagonjwa katika majaribio, ingawa haifai kwa kila mtu, hasa mwenye ini lililoathirika au anayetumia dawa za jamii ya afyuni.

Kwa kuwa kesho ina thamani ndogo kwake, zawadi za matibabu ziwe za karibu: jambo dogo analolithamini kila wiki iliyopita salama, lisilotolewa kwa bahati nasibu ya aina yoyote. Vizuizi navyo vitangulie hisia. Akiwa ametulia na ameridhia, ajifungie mwenyewe akaunti za kamari, aweke programu ya kuzuia michezo hiyo kwenye simu, na mshahara wake usimamiwe kwa muda na mtu anayemwamini. Msilipe madeni yake yote kwa mkupuo, kwani nafuu ya ghafla hufungua mlango wa dau jipya; lakini msimdai wala kumgombeza akiwa amelewa au siku aliyoliwa, kwa sababu mtakuwa mnazidisha yale yale anayoyakimbia. Siku hizo ndizo za kumuuliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kama ana mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo, na akikubali kwamba anayo, msimwache peke yake na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mkirudi kwa mnasihi, mwombeni awaeleze ni sifa zipi hasa alizoziona, alizipima lini na mdogo wako alikuwa na siku ngapi bila pombe, na kila sifa aliyoitaja imebadilisha nini katika mpango wa matibabu. Asipokuwa na jibu kwa swali hilo la mwisho, tafuteni maoni ya mtaalamu wa pili.